Mwanakwaya, Piano Umeshaijua Nusu

Watu wanaotaka kujifunza piano hapa Tanga huniuliza karibu wote swali lilelile: nipakue programu gani? Mimi huwauliza kwanza kama wanaimba kwaya. Anayeimba namwambia kazi nusu ameshaifanya, na hiyo programu haina haraka.

Sisemi hivyo kumfurahisha mtu. Mwanakwaya wa kawaida, awe Mlutheri, Mwanglikana au Mkatoliki, anasoma solfa, yaani nota za herufi. Anaona d, r, m, f, s, l, t zimepangwa kwa sauti nne, na juu ya karatasi ameandikiwa Doh ni F au Doh ni G, yaani d inaanzia sauti gani. Anajua nukta mbili hutenganisha mapigo na nukta moja hugawa pigo katikati. Besi ikitoka s ikashukia d, anasikia wimbo umetulia hata kama hajafundishwa kwa nini. Wapo watu wenye vitabu vizuri na piano nyumbani ambao hawana sikio hilo, na wanalitafuta kwa pesa.

Kinachomkwamisha ni vidole. Solfa ilienezwa Uingereza katika karne ya 19 na John Curwen, aliyeendeleza kazi ya mwalimu aitwaye Sarah Glover, na walikuwa wakiwafikiria waimbaji. Koo halina vidole. Ndiyo maana karatasi yako ya kwaya haikuambii kwamba kwenye piano kidole gumba ni namba 1 na kidole cha mwisho ni namba 5, wala kwamba skeli (ngazi ya nota) ya C kwa mkono wa kulia huenda 1-2-3, halafu gumba linapita chini, kisha 1-2-3-4-5. Ukiruka hapo ukapiga kwa kidole chochote kilicho karibu, nyimbo za taratibu zitakubali. Ukija wimbo wa kasi, mkono unaishiwa vidole katikati ya mstari. Skeli ya F nayo ina utaratibu wake: 1-2-3-4, kisha 1-2-3-4, kwa sababu kidole cha nne kinatakiwa kiangukie nota nyeusi iliyo ya nne kwenye skeli hiyo. Mambo haya ni madogo, lakini ukiwa peke yako na simu hutayagundua, maana masikio yako yanakuambia wimbo umetoka sawa.

Halafu kuna kitufe cha transpozi, cha kuhamisha Doh. Hapa nitawaudhi rafiki zangu wapiga kinanda. Kibodi nyingi za makanisani zina kitufe hiki: unapiga kwenye C, mashine inatoa sauti ya E bemoli (E iliyoshushwa nusu hatua), kwaya inaimba, ibada inaendelea. Kwa anayetoka kwenye solfa kishawishi ni kikubwa zaidi, kwa sababu d-r-m ni ileile popote Doh ilipo, kwa hiyo anaona hakuna haja ya kuhama. Matokeo yake tuna wapiga kinanda hodari ambao siku wakikalishwa mbele ya piano ya mbao, isiyo na kitufe chochote, wanaomba kwaya ishushe wimbo au wanaingiza visingizio. Mimi nasema anayejifunza akizibe kitufe hicho kwa kipande cha plasta. Achukue wimbo mmoja mfupi wa kanisani anaoujua kwa moyo, aupige Doh ikiwa C, kisha G, kisha F, huku akiimba solfa kwa sauti. Ni zoezi la bure na halihitaji bando.

Baada ya hapo tafuta mtu. Namaanisha mtu wa karibu, anayeweza kukushika kifundo cha mkono akakwambia legeza. Kila kwaya yenye kinanda ina mpigaji, na mpigaji huyo mara nyingi alifundishwa na mwingine bila ada. Usimwendee na habari za saa moja ni shilingi ngapi. Fika mapema siku ya mazoezi, msalimie, msaidie kubeba spika na kupanga nyaya, kisha sema: "Mwalimu, naomba unioneshe vidole vya wimbo huu." Ukirudi wiki inayofuata ukiwa umeufanyia kazi, atakuonesha mwingine. Ukirudi hujaugusa, utaelewa mwenyewe kwa nini amekuwa na shughuli nyingi.

Na kijana Mwislamu wa Ngamiani, asiye na kwaya, afanyeje? Swali hili ni la haki, kwa sababu mji wetu ni wa Waislamu wengi na kinanda kimezoeleka kuwa kitu cha kanisani. Lakini Tanga ndiyo mji wa Black Star na Lucky Star, vilabu vya taarabu vilivyofanya gitaa la umeme likubalike kwenye muziki ule. Wapiga kibodi wa bendi na wa shughuli za harusi wapo, na wao ni walimu wa namna nyingine: wanasikia mara moja, wanapiga. Kwao utajifunza kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja), kufuatisha mwimbaji, na kutopotea hata mambo yakiharibika jukwaani. Ila ujue jambo moja. Sikio lililolelewa na maqamu, zile ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama Rasti na Bayati, linazijua sauti ambazo piano haina, zile zinazokaa kati ya nota mbili. Ukizitafuta kwenye funguo nyeupe na nyeusi ukazikosa, kosa si lako. Baadhi ya kibodi zina sehemu ya kushusha nota moja moja ili kuzipata, na wapigaji wa taarabu wanajua pa kubonyeza.

Sasa vitabu. Ukishapata mtu, chagua kitabu kimoja, na vya zamani vinapatikana bure kwa halali kwa sababu watunzi wake walikufa kabla ya babu zetu kuzaliwa. Maktaba ya IMSLP, iliyoanzishwa mtandaoni mwaka 2006, inavyo kwa maelfu. Mimi nampendelea Ferdinand Beyer, opasi (namba ya kazi ya mtunzi) ya 101. Anaanza polepole, mkono mmoja, nota tano, vidole vimeandikwa. Kasoro yake ni kwamba mikono yote miwili inasoma ufunguo wa juu (alama ya mwanzo wa mistari ya nota za juu) kwa kurasa nyingi, na ufunguo wa besi unachelewa mno. Kwa hiyo mwombe mwalimu akuanzishie besi mapema, hasa kama wewe ni mwimba besi. Baada ya Beyer nenda kwa Burgmüller, opasi ya 100, ambazo ni vipande 25 vyenye muziki wa kweli ndani yake. Mazoezi 60 ya Hanon, ya mwaka 1873, watu huyasifia sana. Kwa anayeanza asiye na mtu wa kumtazama mkono nayaona hatari: ni marudiorudio, na mkono uliokaza unazidi kukaza.

Mkatoliki ana bahati ya ziada. Tovuti ya Swahili Music Notes ina nyimbo nyingi za kwaya zetu, na zipo zilizoandikwa kwenye mistari mitano, ile ambayo nota za piano huandikwa. Chukua wimbo unaouimba kila Jumapili, utazame kwenye mistari, andika solfa kwa penseli chini ya kila nota. Hakuna njia nyepesi zaidi ya kuvuka kutoka solfa kwenda kwenye mistari, kwa sababu jibu tayari liko kinywani mwako.

Video za YouTube zenye rangi zinazodondoka juu ya funguo sizipendi. Mtu anakariri wimbo mmoja, anaurusha kwenye status, na wimbo wa pili unamkuta palepale alipokuwa. Ila zile ambazo mwalimu anaonekana mikono zinafaa, ukipunguza kasi hadi nusu kwenye mipangilio. MuseScore nayo ni nzuri: programu ya kuandikia nota kwenye kompyuta ni ya bure kabisa, unaandika sauti nne na inakupigia. Usiichanganye na tovuti yake ya kupakulia nota, ambayo sehemu kubwa inataka ulipie.

Kuhusu chombo sitasema mengi. Piano ya mbao ina funguo 88 na hewa ya chumvi ya Raskazone haiipendi, nyuzi zinashika kutu na mbao zinavimba. Kibodi ya funguo 61 inayoitikia uzito wa kidole inatosha kwa Beyer yote, na zile zinazokubali betri zitakuokoa umeme ukikatika.

Anayetaka cheti aende anakofundishwa hasa. TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo, ilianza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na Zanzibar kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi tangu 2002. Kwa mwenye duka Chumbageni au kazi bandarini ni mbali, naelewa.

Kitu ambacho bado nakidai ni kijitabu cha Kiswahili kinachomchukua mwanakwaya kutoka kwenye solfa hadi kwenye mistari mitano, mikono miwili. Kianze na wimbo unaojulikana na wote, Doh ikiwa C, solfa chini ya kila nota, namba za vidole juu. Kurasa kumi na mbili zinatosha kwa kuanzia. Mwalimu yeyote wa kwaya mwenye kompyuta anaweza kukiandika kwa MuseScore na kukituma kwenye kundi la WhatsApp la kwaya yake, na mimi niko tayari kukisahihisha vidole.