Kazi ya mtoto wa marehemu sio fidia

Wacha niseme hili mapema ili wa kukasirika akasirike mapema. Ile tabia ya kampuni kuambia familia ya kibarua aliyekufa "leteni kijana mmoja tumpe nafasi ya baba yake", tunayoisifu kwenye mazishi mpaka pasta anaitaja kwa maombi, mara nyingi ni huruma ya bei rahisi sana. Kampuni inatoka hapo imeokoa pesa nyingi na bado imepata mtu wa kufanya kazi.

Nazungumzia vibarua wa hapa Kenya, wa majani chai, wa maua, wa mjengo, wa viwanda vya Athi River, hawa wanaochaguliwa asubuhi pale getini na kulipwa jioni ama mwisho wa wiki. Mmoja akianguka kutoka ghorofani ama akibanwa na mashini, utaona mtu wa ofisi amefika matangani na nyapara, wamebeba unga, sukari, mafuta ya kupika na bahasha, wanaongea kwa upole kabisa, halafu wanamvuta ndugu ya marehemu kando na kumwambia kuna karatasi kidogo ya kusaini kuonyesha tumeleta rambirambi, na huyu kijana mkubwa mkishazika aje Jumatatu tumwangalilie kitu. Na familia inashukuru. Siwalaumu hata kidogo, ukiwa na maiti mochari na bili inapanda kila siku utasaini chochote.

Moja ya hizo karatasi nimeishika kwa mikono yangu. Mistari michache tu, Kiingereza kitupu, chini kuna alama ya kidole gumba cha mjane kwa wino wa bluu, na mstari wa mwisho unasema familia imepokea msaada na ajira na haina dai lingine lolote. Msaada na ajira, vimewekwa pamoja kama ndizi na kachumbari! Huyo mama hakusomewa huo mstari, aliambiwa ni ya unga.

Sasa piga hesabu uone alichotia kidole. Sheria yetu ya mafao ya majeraha kazini, ile watu wanaita WIBA, ya 2007, inasema mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazi wategemezi walipwe kwa hesabu ya mapato ya miezi 96. Tuseme marehemu alikuwa analipwa shilingi 600 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hiyo ni 15,600. Mara 96 unapata 1,497,600. Karibu milioni moja na nusu, na kuna gharama za mazishi pia. Na sheria hiyo haitafuti kama ulikuwa permanenti, inatafuta kama uliajiriwa kwa ujira. Mwajiri anatakiwa awe amekata bima ya mambo haya tangu mwanzo, kwa hivyo mara nyingine pesa hata haitoki mfukoni mwake, inatoka kwa bima, na bado anaona afadhali alete unga.

Najua kuna mtu atasema "lakini huyo alikuwa kibarua tu, leo yuko kesho hayuko". Basi angalia Sheria ya Ajira, hiyo pia ya 2007. Kibarua kwa maana ya sheria ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na hachukuliwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Ukishafanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi mmoja, ama umepewa kazi ambayo haiwezi kuisha kabla ya miezi mitatu, kifungu cha 37 kinakutoa kwa ukibarua. Watu wamechuma chai miaka kumi kwa mstari ule ule, nyapara anawajua mpaka majina ya watoto wao, siku ya kifo ndio ghafla wanakuwa watu wa siku moja.

Kuna upande mwingine lakini, na hapa ndio nimebadilika kidogo. Sio kila kibarua anakufa kazini. Wengi wanakufa nyumbani, kwa presha, kwa nimonia, kwa bodaboda njiani wakienda sokoni, na hapo WIBA haiwahusu. Kama hakuna aliyewalipia NSSF, familia inabaki na mchango wa wasapu na picha kwa ukuta. Kwa familia kama hiyo nafasi ya kazi ina maana kweli.

India wameandika jambo hili kwenye kanuni kabisa. Jimbo la Uttar Pradesh lina kanuni tangu 1974 za kumwajiri mtegemezi wa mtumishi wa serikali aliyefariki akiwa bado kazini. Mahakama yao ya Juu ilisema 1994, kwenye kesi iliyotoka jimbo la Haryana, kwamba kazi hii hairithiwi kama shamba, ni ya kuivusha familia kwenye shida ya ghafla. Sawa. Lakini 2009, kesi ya shirika la maji la jimbo lingine, Uttaranchal, ilipofika kwa mahakama hiyo, ikawa vibarua wa kulipwa kwa siku hawaingii, kwa sababu hawakuwa kwenye nafasi rasmi iliyokuwa wazi, hata kama mtu alifanya kazi miaka na miaka. Yaani aliyekuwa na pensheni ndiye mwanawe anapewa kazi, asiye na kitu anaambiwa kanuni haimtambui. Kwetu nako usitegemee serikali iige hiyo haraka, Katiba kifungu cha 232 inataka ajira za umma ziende kwa ushindani wa haki na sifa. Kwa kampuni binafsi hakuna kizuizi kama hicho, na vyama vya wafanyakazi wa mashamba vina mikataba ya pamoja, wanaweza kuliweka.

Wakiliweka waandike kwanza ni nani atapewa hiyo nafasi. Hili linaniuma kuliko yote. Nafasi ikiletwa kwa mdomo hupewa mwanaume aliyesimama karibu. Nimeona shemeji akipeleka mtoto wake mwenyewe kwa jina la marehemu, mjane akaambiwa atakuwa anatumiwa kitu kila mwezi, M-Pesa ikaingia mara mbili ikanyamaza. Kwingine mtoto wa fomu tatu ametolewa shule akachukue panga la baba yake, kazi ile ile ya kuchaguliwa getini, bila barua, akigonjeka wiki moja ashapotea kwa daftari. Mjane apewe nafasi ya kwanza kuamua, yeye mwenyewe ama mtoto aliyemaliza shule, iwe na barua, na iandikwe wazi kwamba haigusi fidia.

Kama wewe uko kwa hiyo hali saa hii, kijana aende tu kazini, hakuna ubaya, lakini msisaini kitu hakijasomwa kwa lugha ya mama. Dai linafaa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu kifo, na linaenda kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, DOSH. Beba cheti cha kifo, vitambulisho, na majina ya vibarua wenzake waliokuwa wakiingia naye getini, kwa sababu kampuni ikisema haimjui, hao ndio daftari lako.