Nyumba za wazee: nafuu kwa kipimo cha nani?

Mzee akikataa fleti iliyo wazi nje ya jiji na kuendelea kusubiri jengo la wazee mtaani kwake, watu husema ni mkaidi. Nchini Marekani hoja hiyo husikika pia kwenye mijadala ya sera, kwa maneno ya upole zaidi: ardhi ya katikati ya jiji ni ghali, kwa hiyo fedha zilezile zingejenga fleti nyingi zaidi pembezoni. Hoja ina uzito. Fedha ni za walipa kodi, na familia changa nazo zinahangaika na pango.

Ila hesabu hiyo inaishia mlangoni mwa fleti. Haimo daktari anayemfahamu mgonjwa wake kwa miaka, wala jirani mwenye ufunguo wa akiba, anayegonga asipomwona mzee asubuhi. Mtu wa miaka 78 aliyeacha kuendesha gari akipelekwa mbali na basi, kufuata dawa tu kunakuwa safari. Gharama haijapungua hapo. Amebebeshwa binti yake, anayeomba ruhusa kazini kila mara.

Kinachonisumbua zaidi ni hilo neno "nafuu". Katika mpango wa Kifungu cha 202, mpango wa serikali ya Marekani wa nyumba za wazee ulioanza mwaka 1959, mzee wa miaka 62 na kuendelea mwenye kipato kidogo hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake mwenyewe. Akipungukiwa, pango hushuka. Lakini majengo mengi ya miaka ya karibuni yamejengwa kwa unafuu wa kodi kwa wawekezaji, ulioanzishwa 1986, na humo pango hukadiriwa kwa kipato cha kati cha eneo zima. Tuseme kipato hicho kwa mtu mmoja ni 100, na chumba kimetengewa walio chini ya 60. Pango la juu linaloruhusiwa ni asilimia 30 ya 60, yaani 18. Mzee mwenye pensheni ya 30, asiye na ruzuku nyingine, atatoa 18 katika 30. Asilimia 60 ya riziki yake, katika nyumba inayoitwa nafuu! Jiji likijaa wenye mishahara minono, kipato cha kati kinapanda na kikomo cha pango kinakifuata. Pensheni haifuati: mwaka 2016 nyongeza ya Hifadhi ya Jamii, yaani pensheni ya serikali, kwa ajili ya gharama za maisha ilikuwa sifuri.

Wengine hupendekeza vocha ya serikali ya kusaidia kulipa pango, mzee ajitafutie nyumba mwenyewe. Ni sawa, akimpata mwenye nyumba atakayeikubali, na jengo lenye lifti.

Kwa maoni yangu, fedha mpya ziende kwanza kwenye Kifungu cha 202, ambacho kuanzia 2012 kilikaa miaka kadhaa bila fungu la kujenga majengo mapya. Na viwanja vya umma vilivyo karibu na vituo vya basi vitengewe majengo hayo, maana bei ya ardhi ndiyo sababu inayotajwa kila mzee anapoelekezwa pembezoni.