Sekunde hizo mnazipeleka wapi?

Alhamisi iliyopita bwana mdogo mmoja anayesomea udaktari wa usingizi alinikuta nimemshikia maski ya gesi ya usingizi usoni mama wa miaka 60 na kitu, akatabasamu. "Shikamoo mzee. Sevoflureni kwa mtu mzima? Hiyo si ya watoto?" Nikaitikia marahaba, maana adabu ni adabu, lakini nilichemka, na bado nachemka. Vijana hawa wanataka kila mtu mzima alazwe kwa propofoli, dawa ya usingizi ya sindano, eti gesi inapoteza sekunde. Ndiyo maana naandika saa 5 usiku badala ya kulala.

Yule mama alikuwa ametobolewa mikono yote miwili wodini mpaka imevimba. Aliponiona tu alisema, "Baba, usinichome tena nikiwa macho." Nifanyeje, nimsomee kitabu? Nikafungulia gesi asilimia 8, nikamwambia avute pumzi ndefu, na baada ya kama dakika moja akawa amelala. Mishipa ikatuna, mwenzangu akaingiza kanula, kile kimrija cha mshipani, mara ya kwanza. Taya liligoma kidogo. Nikasubiri. Likalegea, LMA, ile maski ndogo ya mpira inayokaa kooni kupitisha hewa, ikaingia, na muda wote huo mama anapumua mwenyewe.

Hilo neno "mwenyewe" ndilo vijana hawalisikii. Propofoli ukishaisukuma imeshaenda, huwezi kuirudisha kwenye bomba. Mara nyingi pumzi inakatika, na presha inashuka, hasa kwa mzee au aliyepoteza maji. Kama LMA imekaa vizuri, hakuna shida, unampulizia hewa kwa mfuko mpaka arudi. Lakini siku ikikataa kukaa? Mgonjwa hapumui, shingo fupi, meno yamebaki manne, na wewe umeshika mpira mkononi unabembeleza koo la mtu. Wengi wa wanaolazwa kwa sevoflureni pumzi haikatiki hivyo, na mambo yakiharibika nafunga kitasa, anaitoa mwenyewe kwa kupumua. Kwangu mimi hiyo ni akiba, na akiba hailinganishwi na sekunde.

Maana hoja yao kubwa ni sekunde! Eti kwa gesi LMA inachelewa kuingia. Jamani, daktari wa upasuaji aliyekuwa anatazama saa ya ukutani siku ile alifika saa 3 na nusu kwa kesi ya saa 2, kisa foleni ya Mwenge. Huyo ndiye wa kunihesabia dakika?

Haya, nakubali, ila nimenuna. Kwa kulegeza taya na kunyamazisha koo, propofoli haina mpinzani: miligramu 2 hadi 2.5 kwa kilo, mtu analainika kama mlenda, unaingiza mara moja. Wanaolazwa kwa gesi wanatapika zaidi wakiamka, na sevoflureni ni ghali, ukiachia mtiririko mkubwa unachoma hela. Tena ukiwa na pupa ukaingiza kabla taya halijalegea, koo linaweza kufunga, na hapo usinitaje jina. Kijana mwenye mishipa kama kamba za meli mimi pia nampa maziwa yake, yaani propofoli, na lidokeini ya ganzi kidogo kwanza, kwa sababu ile dawa inauma mkononi, watu wanasahau kwa kuwa mgonjwa haamki kulalamika.

Isoflureni, gesi nyingine ya usingizi, usijaribu kumlazia mtu aliye macho, inawasha koo. Na thiopentali, sindano ya usingizi ya zamani, peke yake kwa LMA... atakohoa, atakukumbusha.

Kinachonikera zaidi ni hii tabia ya kudhani kila kinachotoka kwenye sindano ndicho cha kisasa. LMA yenyewe daktari wa usingizi Archie Brain aliianza London mwaka 1981 kwa kuunganisha maski ya pua ya daktari wa meno na mpira wa kupumulia. Propofoli iliingia sokoni Uingereza 1986. Kifaa kilianza kujaribiwa kabla dawa haijafika sokoni, halafu leo naambiwa bila dawa hiyo kifaa hakiendi kwa mtu mzima.

Bwana mdogo hakuondoka, namshukuru kwa hilo. Tulipomtoa mama akaanza kufumbua macho, akainua mkono, akaiona kanula na plasta yake.

"Kumbe mmenichoma?"

Mimi nilikuwa nafunga mashine. Kijana ndiye aliyeinama kumjibu: "Ndiyo mama, pole. Ulikuwa umeshalala."