Mkekani Tunajisalimisha kwa Nani?

Ukiingia darasa la yoga siku hizi, iwe Nairobi, Dar es Salaam au London, utaambiwa nyosha, kaza, vuta pumzi, shikilia. Ni nadra kumsikia mwalimu akisema: umeshafanya sehemu yako, yaliyobaki mwachie Mungu. Kwa maoni yangu, hapo tunaing'oa yoga moyo wake.

Yoga Sutra, andiko la kale la India linalohusishwa na mwanafikra Patanjali, ambazo walimu wengi huzitaja kuwa msingi wao, zina vifungu 195 au 196, kutegemea toleo. Mikao ya mwili imepewa vifungu vitatu tu. Kujisalimisha kwa Ishvara, yaani Bwana, kunarudiwa katika sura ya kwanza na ya pili, na Patanjali anasema ndiko kunakomfikisha mtu kwenye samadhi, utulivu wa kilele. Hata mkao wenyewe, anasema, hutengemaa kwa kulegeza juhudi na kuizamisha akili katika kisicho na mwisho. Kulegeza juhudi! Sisi tunajipima kwa vidole kugusa sakafu.

Jambo hili huonekana wazi mwisho wa darasa, kwenye mkao wa maiti. Mtu amelala chali, miguu imeachana kidogo, viganja vinatazama juu. Ukimwona utasema amepumzika. Mwalimu mmoja aliyenifundisha alikuwa na desturi ya kupita akiinua mkono wa mwanafunzi kwa kifundo, kisha kuuachia. Mikono mingi haikuanguka. Ilibaki imesimama hewani bila mtu kuishika, kwa sababu bega lilikuwa bado kazini. "Nani anaushika huo mkono?" aliuliza kwa upole, na mwenye mkono alikuwa hata hajui kama anaushika.

Ndiyo maana naamini mwili una la kutufundisha kuhusu sala. Mtu anaweza kutamka "mapenzi yako yatimizwe" huku meno yameumana na mabega yamepanda hadi masikioni. Ulimi umekabidhi, mwili umegoma.

Wapo wanaodhani kujisalimisha ni kukaa kitako na kungoja miujiza. Sivyo. Patanjali anapoitaja yoga ya matendo anaanza na nidhamu yenye jasho, halafu kujisomea, ndipo kujisalimisha. Bhagavad Gita, andiko takatifu la Wahindu, nayo inasema haki yako ni kutenda, matunda si yako. Na Waislamu wanaijua hadithi ya Mtume: mfunge ngamia wako, kisha utawakali.

Lakini tunajisalimisha kwa nani? Patanjali hamwiti Ishvara kwa jina la mungu wa dhehebu lolote. Anamweleza kuwa nafsi ya pekee, isiyoguswa na mateso wala na matendo na matokeo yake, na anasema sauti inayomwakilisha ni Om. Tirumalai Krishnamacharya (1888–1989), mwalimu wa yoga aliyefundisha Mysore, India, na kuwalea walimu mashuhuri B.K.S. Iyengar na Pattabhi Jois, alikuwa mcha wa dhati wa Vishnu, mungu wa Kihindu. Kwa hiyo sikubaliani na wanaotuambia yoga haihusiani kabisa na dini. Inahusiana, na Mwislamu au Mkristo anayekuja mkekani aambiwe hivyo waziwazi, aamue mwenyewe, wala asilazimishwe kuimba Om iwapo dhamiri yake inakataa. Mimi ni Mkristo. Nikilala pale chini namkabidhi siku yangu Mungu yuleyule ninayemwomba nyumbani, na sioni kwamba nimemsaliti.

Ninachokipinga kwa nguvu zote ni mwalimu kukikalia kiti cha Mungu. Patanjali mwenyewe anasema Ishvara ni mwalimu hata wa walimu wa kale, kwa kuwa hafungwi na wakati. Maana yake kila mwalimu, awe mashuhuri namna gani, ni mwanafunzi mwenzetu. Wanafunzi katika nchi mbalimbali wamejitokeza kueleza walivyonyanyaswa kingono na walimu waliowaheshimu kama watakatifu. Hakuna andiko linalomtaka mtu ajisalimishe hivyo. Mwalimu akikukandamiza mgongo hadi nyonga ikauma, mwambie aache. Akikujibu kwamba huo ni upungufu wa imani, kunja mkeka wako utafute darasa jingine.