Mwacheni LeBeau na Mabeki Wake

Tarehe 26 Desemba 1970, Detroit Lions walitolewa kwenye mtoano na Dallas Cowboys kwa 5-0. Kwa sisi tuliokulia kwenye soka, hizo ni tano bila, kichapo cha mtu kuzima redio na kwenda kulala bila kula. Kwenye mpira wa Kimarekani mambo ni kinyume kabisa. Tachidauni moja peke yake, yaani kuuvusha mpira mstari wa mwisho wa wapinzani, ni pointi 6. Timu iliyoruhusu pointi 5 mechi nzima imekaba mpaka basi, na ikifungwa, lawama ziwaendee washambuliaji wake.

Mmoja wa mabeki wa Lions siku hiyo aliitwa Dick LeBeau. Alicheza Detroit misimu 14, kuanzia 1959 hadi 1972, na katika miaka yote hiyo timu yake iliwania ubingwa kwenye mtoano mara hiyo moja tu.

Namleta hapa kwa sababu ya mabishano ya kijiweni kwetu. Kuna kocha msaidizi wa timu moja ya mtaani, beki wa zamani, mtu wa makamo. Juzi viongozi walimtaka achukue timu baada ya kocha mkuu kuondoka, akakataa. Akasema yeye abaki na mabeki wake, watafute mwingine. Kijiwe kizima kilimcheka. "Hana malengo huyo," akasema mmoja. Mwingine akasema ndiyo maana hajawahi kumiliki hata bodaboda. Mimi nilikaa kimya, si kwa sababu sikuwa na la kusema, ila nilijua nikianza habari za LeBeau na Steelers, timu ya Pittsburgh aliyokuja kuifundisha, wataniambia Ohio iliniharibu. Basi nasemea hapa.

Ohio niliishi miaka mitano, nikifanya kazi ghalani. Wenzangu wa zamu ya usiku ndio walionifundisha mchezo ule ambao wao wanauita mpira wa miguu ilhali muda mwingi wanaukumbatia kwa mikono. LeBeau walimtaja kama mtu wa kwao. Na kweli ni wa kwao: alizaliwa mwaka 1937 katika mji mdogo unaoitwa London, lakini London ya Ohio, akachezea chuo cha Ohio State chini ya kocha Woody Hayes na kuwa bingwa wa vyuo mwaka 1957. Cleveland Browns walimchukua mwaka 1959, wakamtema kambini kabla hata ligi haijaanza. Detroit wakamwokota.

Huyo aliyetemwa alinasa pasi 62 za wapinzani. Alipotundika daluga, ni watu wawili tu katika historia ya NFL, ligi kuu ya mchezo ule, waliokuwa mbele yake. Alicheza mechi 171 mfululizo pale pembeni, mahali ambapo beki anakimbizana na vijana wenye kasi kuliko yeye na akikosea mara moja uwanja mzima unamwona. Yeye mwenyewe hakuwa na mbio za kutisha. Alikuwa anasoma. Anamtazama mrushaji, anatazama mguu wa mkimbiaji, anajua mpira unakwenda wapi kabla haujaondoka mkononi. Mtu wa namna hiyo akiacha kucheza, kichwa hakiachi.

Akaingia ukocha mwaka 1973, Philadelphia, kisha Green Bay, kisha mwaka 1980 Cincinnati. Hapo ndipo utamu ulipo.

Mwaka 1978 ligi ilikuwa imebadilisha sheria: beki asimguse mpokeaji baada ya yadi 5. Washambuliaji walifurahi, watazamaji walifurahi, mabeki wakabaki yatima. Wakati huohuo kocha Bill Walsh kule San Francisco alikuwa anapiga pasi fupi za haraka, chap chap, mpira unaondoka kabla hujamfikia mrushaji. Ukituma watu sita wamvamie, nyuma unabaki na watano, na mrushaji mwenye akili anatupa palepale ulipopaacha wazi. Usipotuma watu, anakaa kama yuko sebuleni kwake na kuchagua wa kumpa.

LeBeau alimfuata Bill Arnsparger, kocha mkongwe wa ulinzi aliyekuwa wakati huo chuo kikuu cha LSU, na kule akatoka na wazo la shinikizo lililo salama. Akalichukua, akalipika upya. Kwa nini anayevamia awe yuleyule kila siku? Watu wanne au watano tu wanakwenda, lakini hakuna anayejua ni wapi. Lile pande la mtu lililosimama mstari wa mbele kama linakuja kukuvunja linageuka na kurudi nyuma kulinda kanda. Yule mwembamba wa pembeni uliyemsahau ndiye anayechomoka. Mrushaji anatupa pasi fupi mahali ambapo siku zote palikuwa wazi, na leo pamesimama jitu la kilo 130 likiwa limenyoosha mikono.

 Baadaye karibu kila timu ya ligi ile ikaiga.

Si kwamba alikuwa anashinda tu. Januari 1989, Cincinnati walikuwa wanaongoza fainali ya Super Bowl dhidi ya San Francisco hadi dakika za mwisho. Joe Montana, mrushaji wa San Francisco, akaisogeza timu yake yadi 92, na zikiwa zimebaki sekunde 34 John Taylor akapokea pasi ya ubingwa. 20-16. Ulinzi uliofanya kazi usiku mzima unakumbukwa kwa sekunde hizo. Beki yeyote, awe wa Miami au wa Mbagala, anaijua hiyo habari.

Sasa nifike kwenye lile la kijiweni. Mwaka 2000 Cincinnati walikuwa wamepoteza mechi tatu za kwanza, kocha mkuu akajiuzulu, wakamkabidhi LeBeau timu. Alishinda mechi 12 na kupoteza 33. Msimu wa 2002 ulikuwa wa ushindi 2 na vipigo 14, na kibarua kikaota nyasi. Alikuwa na miaka 65. Kwa hesabu ya kijiwe chetu, huyo amekwisha: kapewa nafasi, kashindwa, aende akalee wajukuu.

Alikwenda Buffalo mwaka mmoja kama msaidizi. Mwaka 2004 akarudi Pittsburgh, ambako alikuwa amewahi kufundisha miaka ya tisini, akapewa ulinzi tu. Februari 2006 Steelers wakatwaa ubingwa, na fainali ilichezwa wapi? Detroit. Mji ambao alikaba miaka 14 bila taji ndio uliomvisha pete ya kwanza ya ukocha.

Mwaka uliofuata kocha mkuu Bill Cowher akaondoka, wakamleta Mike Tomlin, kijana wa miaka 34, naye mwenyewe mtu wa ulinzi na mwenye mfumo wake. Huku kwetu kocha mpya anakuja na msaidizi wake, kocha wake wa makipa, na wakati mwingine hadi mpishi wake. Tomlin alimkuta mzee wa miaka 69 akasema abaki. Kwangu mimi huo ni uamuzi bora kuliko mechi yoyote aliyoshinda. Msimu wa 2008 ulinzi wa Pittsburgh uliruhusu pointi chache kuliko timu yoyote ya ligi.

Fainali ya msimu huo wengi wanaikumbuka. Arizona wako yadi 1 kutoka mstari wa mwisho wa Steelers, zimebaki sekunde 18 kwenda mapumziko. James Harrison wa Steelers alitakiwa amvamie mrushaji wa Arizona, Kurt Warner. Akajifanya anakwenda, kisha akarudi nyuma, akanasa pasi na kukimbia nayo yadi 100 akihema kama mtu anayepandisha mlima na gunia. Amri ya benchi haikuwa ile. Lakini ni mafunzo ya LeBeau yaleyale: anayeonekana anakuja si lazima aje. Mchezaji alikuwa ameielewa shule mpaka akaweza kuongeza somo lake. Ukishafundisha watu hadi hapo, ukocha mkuu utakuongezea nini zaidi ya mikutano na waandishi?

Kitu kingine nimekigundua nikipekua orodha ya walionasa pasi nyingi. Ken Riley ana 65, Rod Woodson ana 71. Wote wawili wamempita LeBeau, na wote wawili aliwahi kuwafundisha yeye.

Wachezaji walimpenda mno. Kila Krismasi aliwaghania shairi refu la sikukuu, lote kwa kichwa, na majitu yale yakakaa kimya kama watoto wa chekechea. Agosti 2010 alipoingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima kule Canton, miaka 38 baada ya msimu wake wa mwisho uwanjani, timu nzima ya Steelers ilikuwepo. Aliingizwa kama mchezaji, maana kwa makocha wasaidizi mlango ule ni mgumu, na hilo nalo ni la kijiwe tu, ila kijiwe cha watu wenye suti.

Msimu uleule ulinzi wake uliwafikisha tena fainali, wakafungwa na Green Bay. Aliondoka Pittsburgh Januari 2015, akaenda Tennessee, na msimu wake wa mwisho ulipoisha alikuwa na miaka 80. Tangu alipoanza kucheza hadi hapo ni misimu 59 bila kupumzika hata mmoja.

Jumamosi nimepita uwanjani kwetu. Kocha mkuu mpya alikuwa anaongea na simu. Yule mzee alikuwa kule nyuma na mabeki wanne, amechora mstari kwa kisigino kwenye vumbi, anamvuta mmoja shati: rudi, rudi, hapo.