PSP kuukuu, emuleta na mwendo wa 333: tuongeze au tuache?

Baada ya swala ya isha mpwa wangu hutoka na PSP yake, mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, akakaa barazani kwao Mkomani, hapa Lamu, mgongo ukutani, na hapo hapatikani tena kwa jambo lolote. Juzi nilikaa naye. Pembeni mwa kioo ameweka tarakimu zinazohesabu fremu, yaani picha zinazochorwa, kwa sekunde: 47, 51, 49. Gemu ilikuwa ya mpira, ya Super Nintendo, mashine iliyotoka Japani mwaka 1990, ikichezwa kwa emuleta, programu inayoiga mashine nyingine, na muziki wake ulikuwa ukikwaruza kama redio iliyopoteza stesheni. Akafungua menyu, akabadilisha mwendo wa prosesa, ile chipu kuu ya mashine, kutoka megahezi 222, yaani mapigo milioni 222 kwa sekunde, kuwa 333, akarudi mchezoni. 59, 60, 60. Muziki ukanyooka.

"Umeona, mjomba?"

Niliona. Babake hataki kuona. Yeye asema kitu kikilazimishwa hufa kabla ya siku zake, na wamekuwa wakivutana juu ya hilo tangu Ramadhani. Kila mmoja ana lake la kweli, ila wote wawili wamekodolea macho namba ya megahezi, na mimi naona namba hiyo ndiyo sehemu ndogo ya habari.

Nianze na kijana. Prosesa ya Super Nintendo ilikuwa ya megahezi 3.58. PSP, hata ikiwa 222, inaizidi mara 62. Mbona basi ikwame? Kwa sababu emuleta ni mkalimani. Kila amri iliyoandikwa kwa ajili ya prosesa ya zamani lazima isomwe, ifahamike, kisha isemwe upya kwa lugha ya prosesa mpya, na amri moja ya kule yaweza kuzaa amri nyingi za huku. Wala si prosesa peke yake. Super Nintendo ilikuwa na chipu za kuchora picha na chipu yake ya sauti, zote zikifanya kazi kwa pamoja. Mkalimani mmoja, wazungumzaji kadhaa, na hakuna anayemngoja mwenzake.

Halafu kuna saa. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu imepewa milisekunde 16.7, basi. Kwa mwendo wa 222 prosesa hupata mapigo milioni 3.7 ndani ya muda huo. Kwa 333 hupata milioni 5.55. Chukua mfano wa gemu inayotaka mapigo milioni 4.5 kumaliza fremu moja. Kwa 222 itachukua milisekunde 20 na ushei, yaani fremu 49 kwa sekunde, na sauti itakatika kwa kuwa inaishiwa kabla ya fremu inayofuata kufika. Kwa 333 fremu iyo hiyo itakwisha kwa milisekunde 13.5, na prosesa itabakiwa na nafasi ya kupumua. Ndiyo maana mabadiliko aliyonionyesha kijana yalikuwa kama kuwasha taa, si jambo la kubahatisha. Gemu iko upande huu wa mstari au upande ule.

Hapo hoja yake ina nguvu. Na kuna jingine ambalo hata yeye hakulijua: 333 si mwendo wa kuiba. Prosesa ya PSP ilijengwa iweze kufika huko. Sony yenyewe ndiyo iliyoifunga kwenye 222 ilipoitoa mwishoni mwa 2004, kulinda betri, na mwaka 2007 ikawafungulia watengenezaji wa gemu. Vijana hapa huita kila kitu kuovakloki, yaani kuipitisha chipu mwendo iliopangiwa, lakini kufungua kufuli aliloweka mwenye nyumba si sawa na kuvunja ukuta. Nintendo Switch, mashine ya gemu ya miaka ya baadaye, nayo ina hadithi kama hiyo: prosesa yake huenda megahezi 1020 wakati chipu iyo hiyo ya Tegra X1 yafika 1785. Ukiipandisha ndani ya uwezo wa chipu, hujaidhulumu chipu. Umeidhulumu nini basi? Kila kilichoizunguka.

Na hapa nahamia kwa shemeji yangu, ingawa yeye hasemi kwa hesabu. Umeme unaoliwa na chipu hupanda sambamba na mwendo: kutoka 222 hadi 333 ni nusu nzima juu. Ukilazimika kuongeza na volti ili chipu isitetereke, mambo huwa mabaya zaidi, kwani volti huhesabiwa mara mbili, yaani kipeo cha pili. Ongeza volti kwa asilimia 10, umeme utaliwa asilimia 21 zaidi kabla hujagusa mwendo. Umeme huo wote hugeuka joto, na joto hupimwa kuanzia hali ya hewa iliyopo. Wanaoandika maelekezo ya kupandisha mwendo wengi wao wanakaa kwenye vyumba vya nyuzi 20. Sisi huku, miezi ya kaskazi, baraza lenyewe ni nyuzi 30 na zaidi, na jasho halikauki. Chipu yao ikipanda nyuzi 30 juu ya hewa inafika 50. Yetu inapita 60 kwa kazi iyo hiyo. Kwa PSP, ambayo haili umeme mwingi, tofauti hiyo ni ndogo. Kwa Switch yenye feni inayovuta hewa ya chumvi na mchanga wa vichochoroni, mimi ningefikiri mara mbili.

Lakini kinachokufa kwanza si chipu. Ni betri. PSP ya kwanza ilikuja na betri ya mAh 1800, kipimo cha chaji inayobebwa; zile nyembamba zilizofuata, kama ya mpwa wangu, zilipewa 1200. Sony ilimaliza biashara ya PSP mwaka 2014, kwa hiyo betri ya asili yoyote utakayoikuta leo imezeeka hata kama haijatoka kwenye boksi, maana betri za lithiamu huzeeka zikiwa zimelala, na joto huziharakisha. Pale kwa fundi wa simu Langoni kuna kikopo cha plastiki alichotengea betri zilizofura. Alinitolea moja ya PSP: katikati imepanda kama andazi, gamba limevutika, na kifuniko cha mashine hakifungi tena juu yake. "Hii nikiitoboa kwa bahati mbaya, twakimbia sote," akasema, akairudisha polepole. Badala yake ni kuagiza Mombasa, na nyingi zinazokuja zimeandikwa mAh nyingi kuliko zilizomo ndani.

Kuna na hasara ndogondogo ambayo watu huitaja kwa kupita: mashine ikizimika katikati ya kuhifadhi, faili la gemu laweza kuharibika kwenye memori kadi, na wiki tatu za mchezo zimekwenda. Na ukiifungua Switch kwa ajili hii, Nintendo ikiigundua yaweza kuifungia isiingie tena kwenye huduma zake za mtandaoni. Kwa anayecheza barazani bila intaneti hilo si msiba.

Mimi nasimama wapi? Nampa kijana haki kwa 333, na namnyima kwa kila kinachopita hapo. Ila nina ugomvi mwingine naye. Gemu za PlayStation ya kwanza, mashine yenye nguvu kuliko Super Nintendo, huenda vizuri kabisa kwenye PSP iyo hiyo. Sababu ni undugu: prosesa zote mbili ni za ukoo wa MIPS. Mwamu akisema ndia, mtu wa Unguja hahitaji mkalimani kujua ni njia. Game Boy Advance, mashine ya mkononi ya Nintendo, haina undugu huo, ni ya ukoo wa ARM, lakini emuleta ya gpSP huimudu kwa kuwa haitafsiri amri moja moja. Hutafsiri kipande kizima mara moja, ikakiweka, kikihitajika tena kiko tayari. Kwa hiyo mara nyingi mtu anapandisha mwendo kufunika uvivu wa emuleta. Kabla ya kugusa megahezi, jaribu emuleta nyingine, punguza ubora wa sauti, ruka fremu moja moja uone kama jicho lako litalalamika. Hayo hayali betri.

Nilimwonyesha pia kuwa namba huteremka. Nintendo ya kwanza ilikuwa na prosesa ya megahezi 1.79, kuichezesha kwa 333 ni kutoa jahazi kwenda kununua kibiriti. Sasa kila gemu ina mwendo wake: ile ya mpira 333, za Nintendo ya kwanza ameziacha chini kabisa, na betri yamfikisha saa tano za usiku.

Shemeji akipita barazani bado huinama akaigusa mashine mgongoni, kama agusavyo mtu paji la mtoto mwenye homa. Akiikuta baridi huingia ndani bila kusema neno.