Kamisheni ya dalali wa nyumba inalipia nini hasa?

Muuzaji akikatwa 5% ya bei ya nyumba yake hulalamika: dalali kafanya nini zaidi ya kupiga picha na kufungua mlango? Lalamiko lina haki, ila picha na tangazo ndizo sehemu rahisi, na siku hizi mwenye nyumba anaweza kuzifanya mwenyewe.

Kazi yenye uzito huanza kwenye bei. Dalali mzuri hutafuta nyumba tatu au nne zinazofanana na yako, zilizouzwa ndani ya miezi sita hivi, na hutazama bei iliyolipwa, si iliyotangazwa. Kisha huongeza na kupunguza: hii ina bafu la pili, ile paa limechakaa. Kosa hapa ni ghali, maana wanunuzi walio tayari huiona nyumba katika wiki zake za mwanzo sokoni. Ukiishusha bei baada ya miezi mitatu, kila anayekuja anauliza ina kasoro gani. Wapo madalali wanaotaja bei tamu makusudi ili usaini mkataba, halafu waanze kukubembeleza upunguze. Mwambie akuonyeshe nyumba alizolinganisha.

Sehemu ambayo muuzaji haioni kabisa huja baada ya mnunuzi kukubali, na hapo ndipo mauzo mengi huvunjika. Mthamini wa benki anaipa nyumba thamani ya chini kuliko mliyokubaliana, mkaguzi anakuta unyevu ukutani, au mrithi mmoja hajatia saini. Dalali anayeijua kazi hudai uthibitisho wa fedha kabla hujaiondoa nyumba sokoni, na huwafuatilia wote ili tarehe zisipite. Kwa hili, kwangu mimi, kamisheni ni halali yake. Kuhakiki hati miliki, hata hivyo, mpe wakili.

Tatizo liko kwenye namna anavyolipwa. Tuseme nyumba ni ya 100,000, kamisheni ni 5%, nusu inakwenda kwa dalali wa mnunuzi, na ofisi inachukua 40% ya nusu inayobaki. Dalali wako anaondoka na 1,500. Akihangaika mwezi mzima zaidi akapata 105,000, wewe unaongeza 4,750, yeye anaongeza 75. Kwa 75, atakushauri ukubali ofa ya kwanza. Utafiti wa wachumi Steven Levitt na Chad Syverson, uliochapishwa 2008 kwa takwimu za mauzo ya vitongoji vya Chicago, Marekani, ulionyesha kuwa madalali walipouza nyumba zao wenyewe walipata bei ya juu zaidi kwa karibu 3.7% na kuziacha sokoni siku 9.5 zaidi.

Asilimia yenyewe haikuteremka kutoka mbinguni. Marekani ilizoea 5% hadi 6%, huku Uingereza, ambako kwa kawaida mnunuzi hana dalali wake, ikitoza kati ya 1% na 2%. Tangu Agosti 2024, mifumo ya pamoja ya matangazo ya madalali wa Marekani hairuhusiwi tena kuonyesha kamisheni anayoahidiwa dalali wa mnunuzi. Basi jadili, na usijadili asilimia peke yake. Unaweza kukubali kiwango kidogo hadi bei fulani, kisha fungu kubwa, tuseme 10%, la kila kinachozidi. Ila bei hiyo ya msingi aipange mthamini asiyehusika, vinginevyo dalali ataiweka chini ajinufaishe. Mkataba wa kipekee, yaani unaokuzuia kumtumia dalali mwingine, usizidi miezi mitatu. Malipo yafanyike siku umiliki unapohamishwa, si siku mnunuzi anapopatikana. Na kama kuna kifungu kinachomlipa hata baada ya mkataba kuisha, kiwahusu tu wanunuzi aliokukabidhi majina yao kwa maandishi.

Mnunuzi akiwa tayari yupo, mpangaji wako au jirani, dalali hana cha kukuongezea. Mlipe mthamini na wakili ada zao, mkamilishe.